Pua ya Kilele Juu ya Kitufe

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo. Mkiniuliza iko wapi nitawaonyesha kwa kidevu, maana kidole huko, tangu mambo haya yatokee, kina sheria yake. Ni nchi nzuri, ina misimu miwili ya mvua na bendera yenye rangi nyingi kuliko mahitaji. Kila mtu humo amepewa namba ya kimo. Ukizaliwa unapewa sifuri, ukipata cheo namba inapanda, na namba hiyo ndiyo inayoamua utakaa wapi msibani, utapakuliwa wa ngapi harusini, na picha yako itapigiliwa wapi ukutani. Kiongozi wao mkuu huitwa Kilele. Jina lake la kuzaliwa lilisahauliwa zamani, kwa heshima.

Sikitu binti Mgeni alikuwa fundi wa tovuti ya taifa. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini ya Wizara ya Mionekano, kati ya stoo ya mapazia na choo cha wageni. Kazi yake ilikuwa kuuvisha ukurasa: rangi iwe hii, kitufe kiwe pale, picha ya nani ikae mbele ya maandishi ya nani. Majina ya wananchi waliojaza fomu yalikwenda wizara nyingine kabisa, yenye makufuli yake, wala hakuwa na ruhusa hata ya kuchungulia. Fomu za karatasi zilishapigwa marufuku mwaka juzi. Zilichomwa moto uwanjani, bendi ya polisi ikipiga, kwa ajili ya maendeleo.

Wiki hiyo Sikitu hakukaa kitini dakika kumi mfululizo. Mama yake, Bi. Mwanakheri, alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilishazimika, na la kulia lilikuwa limebakiwa na mwanga wa kutofautisha mlango na ukuta. Madaktari wageni wa macho walikuwa njiani, wangekaa wiki moja, wangepasua bure, na atakayepasuliwa ni yule tu aliyejiandikisha kwenye tovuti kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. Wakiondoka watarudi baada ya miaka mitatu. Daktari wa wilaya hakuzunguka mbuyu: jicho lile halikuwa na miezi mitatu, seuze miaka.

Fomu ilikuwapo. Kitufe cha kuituma kilikuwapo. Ila juu ya kitufe palikuwa na pua ya Kilele.

*

Ilianza kwa jambo dogo. Waziri wa Mionekano, Mheshimiwa Mapanda, alitaka picha yake ikae kwenye ukurasa wa mwanzo, ikawekwa. Sasa, kwenye ukurasa, vitu viwili vikigombea mahali pamoja, kila kimoja hupewa namba, na mwenye namba kubwa hulala juu ya mwenzake. Sikitu aliipa picha ya Waziri namba moja, ikatosha kabisa. Kosa lake ni kumwambia.

Waziri alipojua kuna namba akataka mia. Spika akasikia, akataka elfu. Mkuu wa Majeshi alikuja mwenyewe, akataka elfu kumi, akasimama nyuma ya kiti cha Sikitu mpaka alipoziona sifuri zote nne kwa macho yake. Jumapili ikaja barua yenye mihuri saba: picha ya Kilele iwekwe, na kimo chake kiwe laki tisa tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa. "Hiyo ndiyo namba ya mwisho," barua ilisema. "Zaidi ya hapo, kuhesabu ni kosa."

Ikawekwa chini kulia katika kila ukurasa, ambako washauri waliona uso wake unapendeza zaidi. Uso ulikuwa mpana, na pua haikuwa ya mzaha. Iliangukia barabara juu ya neno Tuma, kitufe chote kikamezwa.

Tangu Jumatatu asubuhi simu ya Sikitu haikupoa.

"Dada, nimejaza kila kitu. Natuma wapi?"

"Dada, kila nikibonyeza, Mheshimiwa ananitabasamia tu. Amekubali au amekataa?"

Aliwaambia wasubiri. Alikuwa akisema "subirini" huku anazunguka meza, mpaka waya wa simu ukamfunga kiunoni. Naye alikuwa ameijaza fomu ya mama yake kwa majaribio mara sita, mara sita akaishia puani.

Jumatano Waziri Mapanda alihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi! Tangu juzi asubuhi tumeifungua milango ya tiba ya macho. Leo ni siku ya tatu. Waliojiandikisha ni sifuri. Narudia, sifuri! Hakuna taifa duniani lililoutokomeza ugonjwa wa macho kwa siku tatu. Naomba tujipigie makofi, kila mtu hapo alipo."

Bi. Mwanakheri alikuwa kwenye mkeka, anapapasa kutafuta kikombe chake. Alipiga makofi.

"Hongera yao," alisema. "Sasa waje waniambie na mimi kwamba nimepona."

*

Alhamisi asubuhi Sikitu alifanya lililokatazwa. Alikipa kitufe kimo cha milioni moja. Hakikusogea. Akakipa milioni kumi, na pua ikabaki palepale. Alijua sababu tangu mwanzo, ila mwenye shida hujaribu hata mlango uliochorwa ukutani. Kitufe kilikuwa ndani ya boma la ukurasa, uzio unaoizunguka fomu yote, lililoandikwa Wananchi, na boma zima lilikuwa na kimo sifuri.

Kwenye ukurasa hakikutokea kitu. Ghorofani kilitokea: kengele ililia, taa nyekundu ikawaka, na robo saa baadaye Sikitu alikuwa amesimama mbele ya Kamati ya Itifaki ya Vimo, ghorofa ya tatu, bila kuonyeshwa kiti.

Aliyemshitaki ni Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Dihenga, kimo thelathini na nane. Alikuwa mtu mwembamba mwenye rula ya chuma mfukoni, ya kupimia picha ukutani, na alikuwa mwaminifu kwa rula ile kuliko wengi walivyo kwa wake zao.

"Bi. Sikitu," alisema, sauti ikimpasuka. "Kitufe! Kitufe kimempita Kilele!"

"Hakijampita, Mkurugenzi. Kiko chini yake mpaka sasa."

"Namba inasema milioni kumi."

"Namba hiyo ni ya humo humo ndani ya boma." Sikitu alimgeukia Waziri. "Mheshimiwa, mtoto akipanda juu ya meza kwenye chumba cha chini, hawezi kumzidi mtu aliyelala sakafuni ghorofa ya tatu. Ukurasa unatazama ghorofa kwanza, ndipo utazame meza."

Wajumbe wote, waliokuwa ghorofa ya tatu, walitazama sakafu.

"Kwa hiyo unadai," Waziri alisema polepole, "kwamba wananchi tumewaweka chini?"

"Sidai mimi, Mheshimiwa. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na nani kaandika?"

"Mimi. Kwa barua yako ya tarehe sita."

Waziri alikunywa maji. Sikitu akaona mwanya, akaingia kwa pupa, maana saa ya ukutani ilikuwa inamkimbia. "Naomba tu picha isogee pembeni kidogo. Upana wa kidole."

Bwana Dihenga alishika meza kwa mikono miwili. "Kumsogeza Kilele ni mapinduzi."

"Basi apunguziwe namba."

"Huko ni kumshusha."

"Afifishwe kidogo tu, watu wakione kitufe kilicho nyuma yake."

"Kumfifisha!" Dihenga alisimama. "Unataka taifa lione nyuma ya Kilele kuna nini?"

"Basi tulipandishe boma la Wananchi. Kimo chochote. Hata kile cha bendera ya pembeni."

Hapo Waziri alicheka, tena kwa upole, kama mtu aliyeombwa mwezi na mtoto. Alimweleza kwamba kuwapandisha wananchi kunahitaji muswada. Muswada huombwa kwa fomu maalumu, fomu iko kwenye tovuti ya taifa, ukimaliza kuijaza unashuka chini kabisa, kulia, unabonyeza Tuma.

Alipewa barua ya onyo. Kitufe kikarudishwa kwenye kimo cha wenzake.

*

Mchana alikwenda nyumbani, si kwa njaa, ila miguu ilikataa kukaa ofisini. Alikula amesimama, anatembea sebuleni na tonge mkononi, anaongea peke yake.

Kati ya sebule na jiko kulikuwa na pazia jipya, zito, la maua, alilolitundika mwenyewe siku chache kabla kuzuia moshi. Kila alipopita alilishika kwa mikono yote miwili, akalifunua kwa uangalifu asilipake mafuta. Akiwa upande huu alimsikia mama yake anakuja kutoka jikoni na bakuli la mchuzi.

"Mama, angalia pazia!"

"Pazia gani?"

Bi. Mwanakheri alipita. Hakunyoosha mkono, hakupunguza mwendo. Pazia lilimgusa bega, likampisha, likarudi mahali pake likiwa na maua yake yote, na mchuzi haukumwagika hata tone.

"Hili hapa, mama. Nimelitundika Jumamosi."

"Kumbe?" Mama aliketi. "Mwanangu, pazia limewekwa kwa ajili ya macho. Miguu hailijui."

Sikitu alibaki na tonge hewani. Halafu akalirudisha kwenye sahani, akambusu mama yake kichwani, akavaa kiatu kimoja akiwa tayari mlangoni.

"Unakwenda wapi? Hujala!"

"Nimeshiba, mama. Kesho mapema nenda kwa mjumbe wa mtaa ukaombe barua ya kuthibitisha kimo chako ni sifuri, fomu inaidai. Halafu njoo ofisini kwangu. Usichelewe, mama, nakuomba, usichelewe."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Bwana Dihenga aliteremka kukagua. Alipitisha rula kwenye kioo cha kompyuta, kutoka paji la uso mpaka kidevu.

"Namba?"

"Ile ile, Mkurugenzi."

"Mahali?"

"Hapo hapo."

"Naona kumbukumbu inasema umebadilisha kitu."

"Nimeongeza sentensi moja. Kwamba picha isihisi vidole."

"Fafanua."

"Vidole vya watu, Mkurugenzi. Vina mafuta, vina vumbi. Kilele aonekane na wote, ila kidole kikimgusa, yeye asisumbuke."

Macho ya Dihenga yalilegea. "Hilo ni jambo la heshima," alisema. "Limechelewa, hilo." Akatia sahihi.

Mlango ulipofungwa tu, simu ikaita.

"Dada, natuma wapi?"

"Bonyeza pua, shangazi."

"Pua ya nani?"

"Hiyo hiyo unayoiona."

"Na nani atanitoa jela?"

"Bonyeza. Kidole kitapita. Tundu la kushoto ndilo limekaa vizuri juu ya kitufe."

Alimsikia yule mama anasoma dua. Halafu akasikia kelele. "Imekubali! Yesu na Maria, imekubali!"

Kufikia saa nne habari ilishafika sokoni, kufikia saa sita ilishavuka mito. Watu walifundishana kwa kunong'ona, kila mmoja akishika pua yake mwenyewe kuonyesha mahali. Wengine walimwomba radhi Kilele kwanza, wengine walifumba macho. Wazee walibonyeza kwa kidole kidogo, kwa adabu. Hesabu ya waliojiandikisha ikapanda, mia, elfu, elfu kumi, na Sikitu alipaswa kufurahi. Hakuweza. Kila baada ya dakika chache alitoka nje ya lango, akatazama barabara, akarudi. Mjumbe alikuwa amekwenda mazikoni, na Bi. Mwanakheri alikuwa amekaa kibarazani kwake anamsubiri.

*

Saa nane mchana ripoti ilifika ghorofa ya tatu. Picha ya Kilele ilikuwa imebonyezwa mara elfu thelathini na moja kwa siku moja. Asilimia tisini na tisa ya vidole vilikwenda puani, hususan tundu la kushoto.

Kamati ilijifungia. Mjumbe mmoja alisema ni matusi ya wazi, wote wakamatwe. Msimamizi wa magereza akaitwa, akasema ana nafasi mia nne, na hizo ni endapo watalala kwa zamu. Ndipo Waziri Mapanda, ambaye hakufika alipofika kwa bahati, alipoinuka na kusema: "Waheshimiwa, haya si matusi. Haya ni mapenzi. Mtoto akimpenda baba yake humshika nini? Humshika pua!"

Walipiga makofi mpaka vikombe vikacheza. Ikaazimiwa kuwe na Siku ya Pua, ya mapumziko. Ikaazimiwa pia kwamba mapenzi makubwa hivyo hayawezi kuachwa bila kujibiwa. Kuanzia saa hiyo picha ihisi kila kidole, na kila atakayeigusa aandikiwe: Asante, nami nakupenda.

Bwana Dihenga aliteremka na azimio mkononi saa tisa na dakika arobaini.

Chumbani alimkuta Sikitu amejiinamia mbele ya kompyuta, na kando yake, kwenye kiti cha pekee, mama mzee mwenye kanga mbili, anahema. Jirani aliyemwongoza alikuwa mlangoni anajifuta jasho. Barua ya mjumbe ilikuwa mezani, mhuri wake bado mbichi.

"Shikamoo, mama," Dihenga alisema, kabla hajakumbuka kuuliza namba yake.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo." Aligundua kosa, akakohoa, akasimama wima. "Bi. Sikitu. Azimio. Kuanzia sasa hivi picha ihisi vidole. Andika nikiona."

Sikitu aliusoma waraka. Fomu ya mama ilikuwa wazi kwenye kioo, imejaa, imebaki kutumwa. Alisoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa la tahajia.

"Nitaandika, Mkurugenzi. Ngoja tu mama..."

Bi. Mwanakheri hakungoja. Alipapasa meza, akakipata kioo, akakishika pembeni kama anavyoshika sinia. "Wapi, mwanangu?"

"Mama unafanya nini hapo?" Dihenga aliuliza.

"Nataka nimshike pua, baba. Nasikia watu wote wamemshika."

"Kwa nini?"

Bi. Mwanakheri aligeuza uso kuelekea sauti ile, macho yake meupe yametulia. "Nampenda," alisema.

Bwana Dihenga alitafuta kifungu. Azimio lilikuwa mkononi mwake, na mihuri yake. Hakukuwa na kifungu cha kumzuia. Taratibu alibana miguu, akanyoosha mikono ubavuni, akasimama kwa heshima kama wimbo wa taifa unapigwa. Sikitu alikishika kidole cha mama yake, akakipeleka chini kulia, tundu la kushoto.

Kioo kikaandika: Umepokelewa.

"Amesemaje?" Bi. Mwanakheri aliuliza.

"Amekubali, mama," Sikitu alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila kumwomba ruhusa.

Zilibaki dakika kumi na tano. Alianza kuiandika sentensi ya azimio, herufi moja moja, akifuta, akiandika upya, akimuuliza Dihenga kama "Asante" ianze kwa herufi kubwa. Simu iliita, hakuipokea. Kwenye kona ya kioo hesabu ya majina iliendelea kupanda. Saa kumi kamili alimaliza. Tangu dakika hiyo, ukiibonyeza pua ya Kilele, unaambiwa unapendwa, na hapo ndipo safari yako inapoishia.

*

Walimpasua Jumanne. Alhamisi muuguzi alimfungua bandeji, na Sikitu alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, anahama kutoka mguu huu kwenda ule.

Wodi ilikuwa na giza. Dirisha lilikuwa moja tu, na mbele ya dirisha, ikiliziba lote, kwa waraka wa Wizara ya Mionekano, ilikuwa imetundikwa picha ya Kilele, kubwa kama mlango. Wauguzi walisoma vipimo vya dawa kwa tochi. Wagonjwa kumi na wanane, macho yao mapya, walikuwa wanatazama giza lile lile walilolizoea.

Bi. Mwanakheri alipepesa. Alimtazama binti yake kwa muda, akamshika shavu, akasema amekonda. Kisha akaangalia ukutani.

"Yule ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Nilidhani ni kijana." Alijivuta, akashuka kitandani, muuguzi akimkataza, akaenda mpaka ukutani. Aliinua kidole, akambonyeza Kilele puani, tundu la kushoto. Akasubiri. Wodi nzima ikasubiri naye.

"Mbona hapafunguki?"

"Huyu ametundikwa kwa misumari, mama. Hapiti mtu."

"Aa." Bi. Mwanakheri aliipima fremu kwa mikono yake, kwa mazoea ya miaka mingi ya kupapasa. Halafu akaisukuma pembeni. Msumari wa juu ulilia. Mstari mwembamba wa jua uliingia, ukakatiza sakafu, ukapanda kitanda cha kwanza, na mgonjwa aliyelala pale akaweka mkono wake ndani yake, akautazama.

"Bibi!" muuguzi alinong'ona kwa hofu. "Hairuhusiwi kumsogeza!"

"Nisamehe, mwanangu," Bi. Mwanakheri alisema, bila kuiachia fremu. "Mimi mgonjwa wa macho. Sikumwona."

Sikitu alitazama mlangoni. Aliikumbuka barua ya onyo, na rula ya Dihenga, na lile neno mapinduzi alilolitaja akiwa ameshika meza. Kisha akazunguka kitanda, akashika upande wa pili wa fremu.